Muulize Mama Seva: Meneja anataka tuzime fayawoli za ndani

Swali: Shikamoo Mama Seva. Mimi ni afisa Tehama wa chama cha akiba na mikopo, Morogoro. Majuzi programu ya mikopo iligoma kufunguka kwa makeshia. Fundi wa kampuni iliyotuuzia akazima fayawoli ya seva (programu inayochuja mawasiliano yanayoingia), ikafunguka. Sasa meneja anataka tuzime za seva zote, eti tumeshanunua kifaa cha fayawoli cha bei mbaya pale intaneti inapoingilia. Nimjibu nini?
*Kijana wa Kihonda*

Jibu: Marahaba mwanangu. Muulize meneja: kompyuta ya keshia ikiongea na seva, mazungumzo yanapita wapi? Kama zote ziko kwenye mtandao mmoja, yanaishia kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisini. Kile kifaa cha bei mbaya hakiyaoni kabisa.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia poti 445 (poti ni mlango wenye namba ambao programu hupokelea mawasiliano), ambayo Windows hutumia kushirikisha mafaili. Kikishaingia kompyuta moja kilijitafutia majirani chenyewe, bila mtu kubofya chochote, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft walikuwa wametoa marekebisho tangu Machi. Seva ambayo haikuwa na marekebisho hayo, lakini fayawoli yake ilifunga 445 kwa wasiohusika, kirusi hakikuwa na njia ya kuifikia kwa poti hiyo.

Huyo fundi namjua, ingawa sijawahi kumwona. Kitu kikigoma anazima fayawoli, anasaini karatasi ya kazi, anadai nauli. Swali ambalo hakuliuliza ni programu inahitaji poti ipi, na kutoka kwa nani. Kwenye Linux andika `ss -tlnp`, kwenye Windows `netstat -ano`, utaona kila poti inayosikiliza. Tuseme hifadhidata yenu ni PostgreSQL, poti 5432, na programu iko kwenye seva yenye anwani 10.10.20.5. Kwa ufw, chombo cha kusimamia fayawoli kwenye Linux, andika:

`ufw allow from 10.10.20.5 to any port 5432 proto tcp`

Inatosha. Makeshia hawahitaji kuifikia hifadhidata moja kwa moja, isipokuwa programu yenyewe ni ya kizamani na inaunganisha kutoka kwenye kompyuta zao. Hapo fungulia anwani za makeshia tu, siyo jengo zima.

Kabla ya `ufw enable`, ruhusu poti 22 (ya kuingia kwenye seva ya Linux kutoka mbali) kutoka kompyuta yako, la sivyo utajifungia nje na kulazimika kwenda kukaa mbele ya seva yenyewe. Kama mnatumia Docker, chombo cha kuendesha programu ndani ya makontena, angalia sana: poti inayotangazwa na Docker hupita pembeni ya sheria za ufw, kwa hiyo ukiandika 5432:5432 umeshaifungua, hata kama ufw inakuonyesha imefungwa. Andika 127.0.0.1:5432:5432 pale inapotumika na seva hiyo hiyo pekee. Na kwenye Windows usisimamishe ile huduma ya fayawoli. Microsoft wenyewe hawaungi mkono jambo hilo. Ukitaka kujaribu, zima profaili ya fayawoli (mpangilio wake kwa aina ya mtandao) kwa dakika chache kisha uiwashe.

Mwizi mwenye nenosiri la msimamizi atapita kwenye poti uliyoifungua kihalali, kwa hiyo poti 22 na 3389 (ya kuingia Windows kutoka mbali) ziwe za kompyuta yako na ya msaidizi wako, basi.

Kuhusu kampuni ya programu, waandikie barua wakupe orodha ya poti zao zote. Mwombe meneja asisaini malipo ya matengenezo ya mwaka kabla orodha haijafika.