Kutojua kunasaidia kwenye jinai, si kwenye fidia

Umeuza raba mtandaoni, kumbe ni feki, na wakili wa mwenye chapa amekuandikia barua ya kudai fidia? Kusema "sikujua ni feki" hakuiui barua hiyo. Kwa Uingereza, Sheria ya Alama za Biashara ya 1994 inamruhusu mwenye chapa kukudai kwenye kesi ya madai hata kama zile raba uliziuza mtandaoni kwa nia safi. Kutojua kunakufaa upande wa jinai: kifungu cha 92 kinakupa utetezi ukionyesha ulikuwa na sababu za maana za kuamini huvunji haki ya mwenye alama. Kwa hiyo risiti ya ulikonunua na meseji za aliyekuuzia usifute hata moja.

Tangazo liondoe leo, mzigo uliobaki uweke kando (usiuze, usitupe), na ujibu kabla ya tarehe waliyokupa. Ila kwanza litafute jina la huyo wakili kwenye rejista ya SRA, mamlaka inayosimamia mawakili kule. Matapeli nao wana karatasi zenye nembo.

Mimi niliwahi kupata barua kama hiyo, ya mikoba. Nilihangaikia fidia, kumbe pa kutazama ni ile karatasi ya ahadi wanayotaka usaini: ukiivunja baadaye, wanakushtaki kwa kuvunja mkataba. Wakili wangu alifuta mistari miwili mipana mno, na kiasi tukapatana chini ya nusu ya walichodai.

Kama ni pea yako moja uliyokuwa ukivaa mwenyewe, waambie hivyo. Dai la alama linahitaji uwe umeitumia kibiashara.