Tinti iliyovimba kioo cha nyuma

Ndugu yangu, umesema tinti, ile karatasi ya giza iliyobandikwa kioo cha nyuma cha gari lako, imegeuka zambarau na kuvimba malengelenge, na fundi anataka kuikwangua kwa wembe. Tafadhali usimruhusu. Ile mistari myembamba unayoiona kwa ndani ndiyo inayopasha kioo joto ili ukungu utoke. Wembe ukikata mmoja, huo haupashi tena.

Jua letu la Malindi ndilo lililoharibu rangi, basi litumie. Saa nane mchana egesha gari kioo hicho kikilielekea jua, milango imefungwa, mpaka ukikigusa unahisi moto. Anza kona ya juu kwa ukucha, vuta polepole, karatasi ikilala karibu na kioo. Ikianza kuchanika, simama, pasha pale kwa mashine ya kukaushia nywele, endelea. Mimi yangu ilinichukua karibu saa mbili, ikatoka vipande vitatu.

Gundi inayobaki ndiyo kazi hasa. Nyunyizia maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, bandika plastiki juu yake nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa ukifuata mistari, usiikate kati. Amonia inalainisha gundi, ni kweli, lakini mvuke wake ndani ya gari unachoma macho na kifua. Ukiitumia fungua milango yote, na usiichanganye na jiki hata kidogo.

Vioo vya milango havina mistari hiyo. Huko wembe mpya kwenye kioo kilicholowa sabuni hauna shida.