Unapokwenda kwenye Matunzio ya Sanaa, Picha Zako Ziache Nyumbani

Mwezi uliopita mwenye matunzio madogo ya sanaa hapa Ujiji, ambayo ni chumba kimoja tu cha mbele ya nyumba yake, alipokea picha zangu mbili kwa mali kauli, na juzi moja ikanunuliwa. Tangu hapo vijana wananiuliza nilipitia mlango gani. Nitawajibu, ingawa jibu lenyewe linaanzia mahali panaponiuma.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda treni ya Reli ya Kati kwenda Dar es Salaam, nikiwa na picha saba nilizozifunga kwa kanga ya mama. Safari yenyewe siisimulii. Katika duka moja la sanaa niliingia bila hata kutazama ukutani, nikazitandaza picha sakafuni mbele ya mwenye duka, aliyekuwa akizungumza na mteja. Alizisogeza kwa ncha ya kiatu, akasema, "Kijana, hizi zimejaa mjini." Kiatu kile kilikuwa cha kahawia, na kamba yake ilikuwa imekatika. Kwa adabu alikosea, na hilo sijamsamehe; kwa picha hakukosea, kwa kuwa nilikuwa nimechora tembo na twiga kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 katika jiji hilohilo, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, ilhali mimi ni mtoto wa ziwani na tembo sikuwa nimewahi kumwona.

Kwa mzee wa Ujiji nilikwenda mikono mitupu. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikazunguka chumba polepole, kisha nikamuuliza juu ya picha moja tu, ya wavuvi wa dagaa usiku na karabai zao.

"Mzee, huu mwanga majini mchoraji aliupataje?"

Aliiteremsha, akanionyesha ukingoni, ambako rangi ya njano ilikuwa imebaki wazi: mchoraji alipaka njano ubao mzima, akaiacha ikauke, akaifunika kwa buluu nzito, kisha akaikwangua buluu kwa wembe ingali mbichi. Nilikwenda mara nne. Mara ya nne ndipo aliponiuliza, "Na wewe mwanangu, unachora?"

Kwa hiyo, wadogo zangu, acheni pupa. Tazameni kwanza, ulizeni kuhusu kazi za wengine, na msitaje zenu mpaka muulizwe. Mkishakubaliwa, msione haya kuuliza fungu la mwenye matunzio ni kiasi gani, fremu inalipiwa na nani, na picha isiponunuliwa itakaa miezi mingapi. Yote yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Mzee wangu huchukua theluthi, nami naiona ni haki, maana ukuta ni wake na wateja ni wake. Nasema tena: tazameni kwanza.

Picha yangu iliyobaki ameitundika karibu na mlango, mahali panapopigwa na jua la alasiri. Nataka kumwomba aihamishe, lakini bado sijathubutu.