Jibu: Calacanis alianza kutangaza au kuwekeza?

Waalaykumu salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama Jason Calacanis, Mmarekani anayewekeza kwenye kampuni changa na kuendesha vipindi vya podikasti, alianza na kipindi au na uwekezaji, maana nawe unataka kufungua kipindi cha mahojiano huko Pemba.

Hakuanza na kimojawapo. Alianza kwa kuandika. Mwaka 1996 alianzisha jarida New York, Silicon Alley Reporter, la habari za kampuni changa za intaneti. Baadaye akaunda Weblogs Inc., kampuni ya blogu, na mwenzake Brian Alvey, wakaiuza kwa AOL, kampuni kubwa ya intaneti, mwaka 2005. Hapo ndipo alipopata mtaji. Kwenye Uber, kampuni ya usafiri wa kuita gari kwa simu, akawekeza mapema mno, dola 25,000, na kipindi chake This Week in Startups kilikuwa hewani tangu 2009. Kipindi cha All-In, anachofanya na wenzake watatu, ni cha juzi tu, 2020.

Kwa hiyo usisubiri fedha. Mimi naona alichotajirika nacho kwanza ni kujuana na waanzilishi wakiwa bado hawana jina, na hilo hata Wete linawezekana. Wahoji vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanaotengeneza programu za simu, wahoji akina mama wa Paje wanaosindika mwani. Waulize hesabu zao: wanauza kwa nani, wanakwama wapi. Wengi huwasifu wageni wao tu, na kipindi kinakuwa hakina faida kwa msikilizaji.

Ila akiba ya nyumbani usiiguse. Kampuni changa nyingi hufa, na aliyepata Uber aliweka fedha kwenye nyingi nyengine.

Ukirekodi cha kwanza kiweke hapa, nitakisikiliza chote.