Seva ina prosesa mbili, mbona inakokota? Fundi anajibu wasomaji

Jambo, fundi. Dukani kwetu Kadutu tuna seva ya mtumba, Dell PowerEdge R730: prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4, RAM gigabaiti 128 katika bareti (vipande vya RAM) nne za 32. Jioni makashia wakifunga hesabu, prosesa zinapanda hadi asilimia 90 na kila kitu kinakwama. Tununue prosesa zenye viini (cores) 22? (Msomaji wa Bukavu)

Jambo, ndugu. Weka pesa mfukoni kwanza. Asilimia 90 haisemi kwamba prosesa inapiga hesabu: ikikaa kusubiri data kutoka RAM, Linux inaiandika hivyo hivyo kuwa iko kazini. Wakati seva imelemewa, piga `sudo perf stat -a -e cycles,instructions sleep 10`. Gawanya instructions (amri zilizotekelezwa) kwa cycles (mapigo ya saa ya prosesa). Ukipata chini ya 0.5 hivi, shuku RAM.

Kisha tafuta bareti zimekaa wapi. `sudo dmidecode -t memory` inataja tundu la kila bareti kwenye mstari wa Locator. Katika R730, matundu ya A ni ya prosesa ya kwanza na ya B ni ya pili. Seva nyingi za mtumba hufika na bareti zote upande mmoja: A1, A2, A3, A4. Ikiwa yako ni hivyo, `numactl --hardware` itakuonyesha `node 1 size: 0 MB`, yaani prosesa ya pili haina RAM yake (hesabu inaanza na 0).

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kila prosesa ya aina hiyo ina njia nne za RAM, na njia moja ya DDR4-2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Njia nne ni 76.8. Prosesa ya pili ina viini 14 lakini haina hata bareti moja ya kwake; kila inachotaka inakifuata kwa mwenzake kupitia QPI, kiungo kati ya prosesa hizo mbili. Ni sawa na mtu wa Nguba kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe kununua chumvi kila anapotia sufuria motoni. Chumvi ipo, foleni ya darajani ndiyo inayomchelewesha. Na hizo prosesa za viini 22 unazozitamani, E5-2699 v4, zina njia zilezile nne: utakuwa umeongeza walaji, sahani hazijaongezeka.

Zima seva, chomoa nyaya zote mbili za umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Toa bareti ya A3 na ya A4, zipeleke B1 na B2 (vishikio vyeupe). Sukuma mpaka vishikio vya pande zote mbili vijifunge vyenyewe. Bareti iliyoingia nusu inaweza kuleta makosa ya RAM. Upana wa jumla wa njia za RAM utabaki gigabaiti 76.8 kwa sekunde, kila upande 38.4, lakini viini 14 vimeacha kuvuka daraja. Pesa ikipatikana, ongeza bareti nne za aina ileile uzitie A3, A4, B3 na B4: jumla inafika 153.6.

Mambo matatu huharibu kazi hii. RDIMM na LRDIMM, aina mbili za bareti za seva, hazichanganywi kabisa. Bareti moja ya mwendo wa 2133 huzivuta zote zikimbie 2133. Na ukijaza hadi matundu ya vishikio vya kijani, yaani bareti tatu kwa njia moja, mwendo hushuka. Fanya hivyo tu ikiwa nafasi ndiyo inayokosekana. Ndani ya BIOS, acha Node Interleaving (kuchanganya RAM za pande zote mbili) kwenye Disabled ili Linux ijue RAM ipi iko karibu na kiini kipi.

Mtu akikushauri uifunge hifadhidata itumie RAM ya upande mmoja tu kwa `numactl --membind=0`, kataa. Upande huo ukijaa, programu inaweza kuuawa huku upande wa pili una gigabaiti tele. `--preferred=0` inatosha: inapendelea upande huo, ukijaa inavuka.

Fundi, seva yetu ya Goma ilikuwa nzuri, sasa ni wiki tatu kuhifadhi faktura moja kunachukua sekunde nyingi. Kusoma ni sawa. Prosesa haifiki asilimia 5. Diski ni nne, RAID 5, na hakuna iliyowaka taa nyekundu. (Msomaji wa Himbi)

Kusoma vizuri, kuandika vibaya, tena ghafla: angalia betri ya kadi ya RAID (ile inayoziunganisha diski zifanye kazi kama moja) kabla ya kitu kingine. Betri ikiwa nzima, kadi inapokea data kwenye kashe yake (kumbukumbu ndogo ya haraka), inasema "nimeshaandika", kisha inazipeleka kwenye diski taratibu. Betri ikifa, kadi inaacha mtindo huo na kusubiri diski zenyewe. Kwenye kadi nyingi za LSI, `storcli /c0/bbu show` inakuambia hali yake.

RAID 5 inazidisha maumivu. Andiko moja dogo ni kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (data ya ziada ya kuokolea diski ikifa), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kuzunguka mara moja, bado hujahesabu kichwa kutafuta mahali pake. Ndiyo maana `iostat -x 2` itakuonyesha `w_await` (muda wa andiko kusubiri) kubwa huku prosesa zimelala.

Badilisha betri. Kuna chaguo la kulazimisha kashe ifanye kazi bila betri, na mafundi wengine hulipenda kwa sababu kasi inarudi papo hapo. Pale ambapo umeme unakatika bila taarifa, faktura zilizokuwa ndani ya kashe zinapotea nao.

Nimefunga SSD ya NVMe kwa kadi ya kuchomeka. Kwenye boksi wameandika megabaiti 3400, mimi napata 1600. Nimeuziwa ya bandia? (Lubumbashi)

Huenda ni halisi, tundu ndilo bovu kwake. Piga `sudo lspci -vv` ulinganishe LnkCap (uwezo wa kiungo) na LnkSta (mwendo wake wa sasa). LnkSta ikisema 5GT/s badala ya 8GT/s, uko kwenye tundu la PCIe 2.0, kizazi cha zamani cha matundu ya kadi: njia nne za megabaiti 500 kwa sekunde ni 2000, kabla ya makato. Kwenye mashine za chipseti C610 (chipu msaidizi wa prosesa kwenye ubao), njia za chipseti ni za kizazi hicho. Hamia tundu linalotoka kwenye prosesa moja kwa moja; mchoro uko kwenye kifuniko au kitabu cha mashine.

Mimi ni mwanafunzi wa Bukavu. Programu yangu ya C yenye nyuzi (threads) 8, kila uzi ukiwa na kihesabio chake, inakwenda polepole kuliko ya uzi mmoja. Hakuna kufuli (lock) hata moja!

Kijana, vihesabio vyako vina baiti 8 kila kimoja na vimepangwa kwenye safu moja, sivyo? Mstari wa kashe, yaani kipande ambacho kashe ya prosesa huchukua kwa mara moja, ni baiti 64, hivyo vyote vinane vinaweza kulala kitanda kimoja. Uzi mmoja ukiandika, viini vingine vinafutiwa nakala ya mstari mzima, hata kama havikugusa kihesabio hicho. Kipe kila kimoja `alignas(64)`, au kwa Intel jaribu 128, maana prosesa hizo mara nyingi huvuta mistari miwili pamoja. `perf c2c record` kisha `perf c2c report` itakutajia mstari wenyewe unaogombaniwa.