Huenda zikaanza tena, lakini si kuchapisha noti

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Natafsiri habari ya uchumi. Niandike 'benki kuu huenda zitaanza tena kuchapisha noti' au 'huenda zikaanza tena kuchapisha noti'?"

Andika huenda zikaanza. Huenda ni neno la shaka, na -ka- huipokea shaka hiyo vizuri. Ukiweka -ta- unatoa ahadi ambayo benki kuu zenyewe hazijaitoa. Wapo wanaosema huenda zitaanza, nami nimechoka kugombana nao.

Ugomvi wangu uko mbele kidogo katika sentensi hiyohiyo: kuchapisha noti. Nimeyasoma maneno haya kwenye vichwa vya habari tangu 2008, na kila mara yanampotosha msomaji.

Chapa tumeipata kutoka Kihindi, nayo ni alama inayogandamizwa juu ya kitu, iwe ngozi ya ng'ombe, gunia au karatasi. Sasa tazama walichofanya Marekani kuanzia mwishoni mwa 2008, riba iliposhuka hadi karibu na sifuri ikakosa pa kushukia tena. Benki kuu yao, Federal Reserve, ilinunua dhamana za mikopo ya nyumba, kisha hatifungani za serikali, yaani hati za madeni yake. Ililipa kwa kuongeza tarakimu kwenye akaunti ambazo benki za biashara zinazo kwake. Karatasi iko wapi hapo? Chapa iko wapi? Mitambo ya kuchapa noti za dola haiko hata mikononi mwa Federal Reserve. Iko chini ya Wizara ya Fedha! Benki Kuu ya Uingereza ilianza Machi 2009, na hatimaye ununuzi wake ukafikia pauni bilioni 895. Nayo ililipa kwa tarakimu za akaunti.

Anayetaka kuona noti zikichapishwa kweli aangalie Zimbabwe. Huko serikali ilitumia fedha ambazo haikuwa nazo, noti zikachapwa kwa kasi ya kutisha, na Januari 2009 ikatolewa noti ya dola trilioni 100. Kampuni ya Ujerumani iliposimamisha kuuza karatasi ya noti, Julai 2008, uchapaji wenyewe ulitikisika. Hapo kitenzi kinastahili. Ukikitumia kwa London au Washington, msomaji wako anaona Harare, anaogopa bei za Harare zilizopaa, na wewe ndiye uliyemtia hofu hiyo.

Najua watetezi watasema ni lugha ya picha. Barazani sawa, semeni. Katika habari ya uchumi, picha inayoonyesha kisichokuwepo ni kosa la habari kabla ya kuwa kosa la lugha.

Nasi tunao msamiati wa kutosha. Andika: "benki kuu huenda zikaanza tena kununua hatifungani kwa wingi ili kulegeza masharti ya fedha." Ni ndefu, lakini inamwambia msomaji nani anafanya nini na kwa nini.

Na neno tena nalo lipewe haki yake. Federal Reserve ilisimamisha ununuzi huo Oktoba 2014, ikaanza tena Machi 2020 wakati wa korona, riba ikiwa imerudi karibu na sifuri. Ndiyo hali ya kuangaliwa: riba imekwisha kushuka, uchumi bado umelala. Si kila ununuzi unastahili neno hilo tena. Septemba 2022 Benki Kuu ya Uingereza ilinunua hatifungani za muda mrefu kwa wiki chache tu, kutuliza soko lililokuwa likiwabana wasimamizi wa mifuko ya pensheni, huku riba ikiendelea kupandishwa. Desemba 2025 Federal Reserve nayo ilianza kununua dhamana za serikali za muda mfupi ili akiba ambazo benki za biashara zinaweka kwake zisipungue mno, na riba ilikuwa mbali na sifuri. Kwa matukio hayo mawili, andika kwamba zimenunua, utaje sababu, na hiyo tena uiache.