Kikosi majina 24, wanaocheza wachache: kwa nini timu ya binti yako inakata moto Jumamosi

Kaka umeuliza kwamba binti yako yuko chuo huko Minnesota anacheza hoki ya barafu, timu ina majina 24, Ijumaa wanashinda vizuri tu halafu Jumamosi timu ile ile waliyoipiga jana inawatandika tano, wewe unaona ni uvivu wa mazoezi, na binti mwenyewe kazi yake benchi ni kufungulia wenzake mlango kama konda. Hapo kwenye konda nimecheka ila imeniuma pia, mana huo mlango mimi nimeufungua miaka mitatu, tena kwa malipo.

Nilisoma huko huko Minnesota, chuo kidogo cha daraja la tatu la michezo ya vyuo, jina naliacha. Daraja la tatu hakuna skolashipu ya michezo, hao wadada wanalipa ada kama mimi na wewe. Nilikuwa natafuta kazi ya wanafunzi ya kunisogeza, nikapangiwa uwanja wa barafu. Mimi mtoto wa Tanga, barafu niliyokuwa naijua ni ile ya ubuyu ya kwenye mfuko wa nailoni. Nikaanza kufua jezi, kujaza chupa za maji, kunoa viatu vya kutelezea, mwaka wa pili kocha msaidizi akanipa saa ya kuhesabia na daftari akasema kaa mlangoni, kila anayeingia andika, kila anayetoka andika. Kwa hiyo ninachokwambia hapa sikusoma mahali, nilikiandika mwenyewe vidole vimekufa ganzi.

Kwanza ondoa mpira wa miguu kichwani. Kule mtu anacheza dakika 90 lakini nusu yake anatembea, anafunga kamba, anabishana na refa. Hoki ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20, ndani wako watano na kipa, na mtu akiingia anakimbia kama kafukuzwa na nyuki sekunde 40 au 45 basi, anatoka, anaruka mwingine, na mchezo wala haujasimama. Hiyo zamu ndo wanaita shifti. Timu iliyokamilika ina fowadi 12, yani laini nne za watatu watatu, na mabeki sita jozi tatu. Kwenye majina 24 toa makipa watatu, toa majeruhi, toa yule mwenye mtihani, unabaki na hao 18 wa kuvaa jezi, kwa hiyo 24 sio wengi kama inavyoonekana kwenye karatasi.

Sasa piga hesabu ya dukani. Laini nne zikigawana dakika 60 kila moja inapata 15, na ukicheza sekunde 45 unapumzika dakika mbili na robo. Ukitumia laini tatu kila moja inakula 20, unapumzika dakika moja na nusu. Ukibana benchi ukabaki na laini mbili ni dakika 30 kwa kila mtu na mapumziko sawa sawa na kazi, sekunde 45 kwa 45. Zile mbio za kufa na kupona zinatumia akiba ya haraka ya kwenye misuli na hiyo akiba inataka dakika kadhaa ndo irudi kamili, sasa mtu ukampa sekunde 45 anarudi ndani na nusu tanki, shifti inayofuata robo tanki, na ukimuuliza anakwambia niko poa kocha. Wote wanasema wako poa. Sijawahi kusikia mmoja akisema nimechoka niache nje.

Na uchovu wao hauonekani kwenye mbio kama unavyodhani. Kwenye daftari langu ulionekana kwenye urefu wa shifti. Ijumaa laini ya kwanza ilikuwa inazunguka kwenye sekunde 44, 46. Jumamosi kipindi cha pili nakuta 68, 75, kuna beki mmoja nilimwandikia dakika moja na sekunde 50 nikadhani nimekosea kubonyeza. Sio kwamba alipenda. Kipindi cha pili makipa wanabadilishana magoli, kwa hiyo benchi lenu ambalo kipindi cha kwanza lilikuwa karibu na goli lenu sasa linakuwa karibu na goli la adui, na beki aliyebanwa nyuma akitaka kutoka inabidi avuke katikati ya uwanja ndo aufikie mlango. Hafiki. Akijaribu anaacha shimo, asipojaribu anazidi kuchoka. Basi anafanya anachofanya kila aliyekata pumzi, anaipiga paki (kile kisahani cheusi cha mpira) kwa nguvu mpaka mwisho wa uwanja ipotelee huko, na hilo ni kosa linaitwa aisingi, refa anapuliza, mnarudishwa kuanzia karibu na goli lenu, na adhabu yake ndo hii sasa: timu iliyofanya aisingi hairuhusiwi kubadilisha watu. Wale wale watano waliokuwa wanahema wanabaki, adui anawaletea watano wabichi. Angalia mechi ya binti yako ikifungwa bao kipindi cha pili, rudisha nyuma dakika moja, mara nyingi utakuta aisingi hapo.

Kuna mdau amesema dawa ni kuwaongezea mbio asubuhi. Mkuu kwa heshima, hapana. Kocha wetu alifanya hivyo mwaka wangu wa pili na ikawa mbaya zaidi. Mechi za wadada wa vyuo zinapangwa mbili mbili, Ijumaa na Jumamosi, mara nyingi mpinzani yule yule. Ya Ijumaa inaanza saa moja usiku inaisha saa tatu na ushee, ya Jumamosi saa nane mchana. Ni masaa 17 hivi, humo ndani kuna kuoga, basi la kurudi, kula, kulala, na wanga uliotumika kwenye misuli unachukua karibu siku nzima kurudi hata ukila vizuri, na hawali vizuri, wanakula pitsa ndani ya basi saa tano usiku. Halafu ni wanafunzi. Tulikuwa na wawili wa unesi, zamu ya mazoezi hospitali inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mtaalamu wa afya wa timu aliwapima damu wadada fulani waliokuwa wamelegea tu bila sababu, wawili wakakutwa madini ya chuma yako chini, jambo la kawaida sana kwa wanawake wanaofanya michezo ya pumzi, na kocha miezi miwili alikuwa anawaita wazembe. Hilo lilinikera mpaka leo.

Lakini kilichotuua hasa ni kocha kutoamini laini ya nne. Nakumbuka Ijumaa moja tunaongoza 4-1, zimebaki dakika saba, na mimi moyoni nasema sasa waingie wale watoto, wapate hata shifti nne. Kocha akaendelea kuzungusha laini ya kwanza na ya pili mpaka king'ora, eti tumalize kazi. Kazi gani, ilikuwa imeshaisha! Zile dakika saba ndo tulizokuja kuzidai Jumamosi kipindi cha tatu na hazikuwepo, tukapigwa 5-2. Nilimwonyesha kocha msaidizi daftari, akaniangalia akasema najua, akafunga daftari.

Februari ikaja mafua ya tumbo, bweni zima chini. Tukasafiri na wachezaji 13 bila kuhesabu makipa. Sasa hao wa laini ya nne ambao tangu Oktoba walikuwa wanapata dakika tatu nne kwa mechi, ghafla wanatakiwa wacheze 18, tena wacheze pungufu, yani mwenzao akiwa kizuizini dakika mbili kwa kosa alilofanya. Walikuwa na pumzi kuliko wote, miguu mibichi kabisa, lakini hawajui wasimame wapi, mana kule mazoezini kocha akifundisha kucheza pungufu wao wanakuwa ndo wa kuigiza adui. Tulifungwa mabao matatu katika hali hiyo hiyo. Baada ya hapo kocha akasema mnaona, ndo mana siwachezeshi. Mimi nikabaki na maji yangu.

Ndo mana mtu akiniambia timu fulani ina kikosi kipana namuuliza upana wa majina au upana wa dakika. Hata kule daraja la kwanza, ambako kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya kuanzia msimu wa 2025/26 mwisho ni wachezaji 26, hiyo 26 haikwambii chochote mpaka uone nani alikuwa anaingia mwezi wa kumi na moja.

Mfano ambao yule kocha msaidizi hakuchoka kuusimulia ni wa Machi 2007, robo fainali ya taifa ya wadada wa vyuo, chuo cha Wisconsin na cha Harvard, pale Madison nyumbani kwa Wisconsin. Dakika 60 zikaisha 0-0. Nyongeza ya kwanza dakika 20, bila bila, ya pili, ya tatu, mpaka ya nne ndo Jinelle Zaugg akafunga, saa inasoma dakika 127 na sekunde 9. Ni mechi mbili kamili na chenji juu, siku moja, viatu vile vile. Ukiwa na laini mbili unazoziamini, kila fowadi wako anakula zaidi ya saa nzima, na kwenye hoki hiyo haiwezekani, lazima utoe watu kutoka mwisho wa benchi, na lazima wawe wanajua kazi. Wiki iliyofuata Wisconsin wakaenda Lake Placid kwa nusu fainali na fainali, wakampiga St. Lawrence 4-0 na Minnesota Duluth 4-1 wakabeba kombe. Ila sawa, walikuwa na wiki ya kupumzika, sisi tulikuwa na masaa 17 na pitsa.

Turudi kwa binti yako. Usimwambie aache, na wewe usimpigie kocha simu (wazazi walikuwa wanapiga, kocha alikuwa anatusomea ujumbe wao kwa sauti, aibu). Mwambie amfuate kocha msaidizi, sio mkuu, Jumatatu ambayo hasira zimepoa, asiombe dakika zaidi mana kila mtu anaomba hizo, aombe afundishwe nafasi moja ya kucheza pungufu. Hiyo ndo sehemu inayowachosha mastaa kuliko zote na makocha wote wanatafuta wa kuwapunguzia huo mzigo. Mdada mmoja wetu alifanya hivyo mwaka wa tatu, alikuwa haingii kabisa, akaanza kupewa sekunde 30 za kwanza za kucheza pungufu tu, mwisho wa msimu ana dakika tisa kwa mechi na laini ya kwanza imerudi kwenye shifti za sekunde 45.

Na wewe ukienda Jumamosi hii acha kuangalia matokeo, chukua simu yako fungua saa ya kuhesabia, kipindi cha pili chagua beki bora wa timu ya binti yako umhesabie kuanzia anaporuka benchi mpaka anaporudi. Na Ijumaa angalia wakiwa wanaongoza mabao matatu dakika za mwisho nani yuko ndani. Ziandike zote mbili uzilete hapa, tuzione.